Kompyuta ya Elia Inakwama: Tulichozima na Tulichoacha

SEHEMU YA 1

 

Wiki hii siongelei homa, wala chanjo, wala mtoto anayekataa uji. Naongelea kompyuta. Najua mtashangaa, nesi na kompyuta wapi na wapi. Lakini nivumilieni, maana hii habari ilianza na jambo ambalo mama yeyote litamgusa: nilirudi nyumbani usiku, mtoto hayupo.

Nilikuwa zamu ya jioni. Nikakabidhi wodi, nikapanda daladala mbili, nikafika mlangoni saa 3:20 usiku. Neema kalala. Dada wa kazi amekaa sebuleni, nilivyomwangalia tu usoni nikajua kuna kitu.

"Mama, Elia alitoka saa 12. Alisema anaenda kuchukua daftari kwa mwenzake."

Daftari gani linachukuliwa saa tatu nzima?

Elia wangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Baba yake ni dereva wa malori, usiku ule alikuwa kwenye foleni Tunduma anasubiri kuvuka. Nikampigia, akaniambia, "Mama Elia, nenda kaangalie kule kwenye gemu." Yaani yeye aliye mbali alijua, mimi ninayelala naye nyumba moja sijui.

Nikaenda na viatu vyangu vya kazini. Nyuma ya stendi kuna kibanda, ndani kuna televisheni nne, mechi moja shilingi 500. Vijana wakubwa wamejaa, moshi wa sigara umetanda, mmoja ana chupa mkononi. Mwanangu kakaa katikati yao na shati la shule. Aliponiona alisimama mwenyewe, hata sikumwita.

Sikumpiga. Nilitamani, nisiwadanganye, lakini nilikuwa nimechoka hata mkono haunyanyuki. Tulitembea kimya mpaka karibu na nyumbani ndo nikamuuliza, kwani nyumbani kuna nini kibaya, si una lile gemu lako la mpira kwenye kompyuta?

Akasema, "Mama, ya nyumbani inakwama. Wachezaji wanatembea kama wako kwenye tope. Na nyumbani ukiwa zamu kunakuwa kimya."

Hilo la pili nililisikia ila nilijifanya sijalisikia. Nikalishika la kwanza, maana la kwanza lilionekana lina fundi.

SEHEMU YA 2

Tuendelee.

Hiyo kompyuta niieleze kwanza. Ni laptopu niliyoinunua Kariakoo, iliyotumika, wakati nasoma diploma. Niliandikia utafiti wangu humo, usiku, Elia akiwa mdogo kalala pembeni. RAM yake ni GB 4, diski ni ile ya zamani inayozunguka, siyo SSD. Kwa kuandika inatosha. Kwa gemu inajikongoja.

Jumamosi nikaipeleka kwa fundi, na Elia tukaongozana. Fundi mwenyewe kijana tu, akaiwasha, akasubiri, akaguna. "Mama, hii mashine imechoka. Tunapiga Windows upya, tunaongeza RAM, tunabadilisha na diski. Andaa 180,000."

Nilikuwa nayo, jamani. Ilikuwa kwenye simu. Lakini ilikuwa pesa ya Neema ya kuanza chekechea, sare na awamu ya kwanza. Nikasimama pale napiga hesabu. Nikitoa hii, ile nitaijazia kwenye kikoba. Kikoba nacho bado nadaiwa. Na upande wa pili naona kile kibanda na moshi wake. Nikasema bora nilipe, mtoto akae nyumbani.

Nikamwambia fundi, "Anza na hiyo Windows."

Akavuta kompyuta kwake. Hakuuliza kitu chochote. Hapo Elia akasema, taratibu kabisa, "Mama, picha za bibi si ziko humo?"

Nilihisi miguu imekuwa ya maji. Mama yangu mzazi alifariki miaka minne iliyopita. Picha zake za ubatizo wa Neema, na video ya dakika mbili anaimba huku anapepeta mchele, ziko humo tu. Simu iliyozipiga iliibiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau ziko wapi, mtoto anakumbuka.

Kwa wasiojua: fundi akipiga Windows upya kwa kufuta diski, kila kilichokuwa kwenye sehemu hiyo kinaondoka. Wapo mafundi wanaouliza na kukuhifadhia vitu vyako kwanza. Wapo wasiouliza. Wewe usisubiri kuulizwa.

Niliichukua kompyuta, nikamwachia kijana 2,000 ya usumbufu, tukarudi. Njiani nikanunua flashi. Kabla sijavua hata kilemba, nilinakili picha zote. Siku ile ile nikamtumia mdogo wangu Iringa ile video, tukalia kwenye simu.

Kwa hiyo somo la kwanza la kompyuta inayokwama halihusu kasi. Nakili picha zako leo. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kanakili.

SEHEMU YA 3

Pale kazini tuna kijana wa kompyuta, anayekuja mfumo ukigoma. Jumatatu nikamweleza. Akacheka, akasema, "Sista, nyie mgonjwa akija mnamwandikia dawa kabla ya kumpima?"

Nikasema hapana.

"Basi na hiyo kapime kwanza."

Akanionyesha. Ukiwa kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Linafunguka dirisha linaitwa Task Manager. Hiyo ndiyo mashine yako ya presha. Inakuonyesha mambo matatu ya kuangalia: CPU, yaani prosesa inafanya kazi kiasi gani, Memory, yaani RAM imejaa kiasi gani, na Disk, yaani diski inahangaika kiasi gani. Ukiiangalia hujafungua kitu chochote, ndo unajua mgonjwa akiwa amepumzika yukoje.

Jioni nikakaa na Elia mezani. Nikamwambia chukua daftari, wewe ndiye unayejaza faili la mgonjwa. Tukawasha, tukasubiri dakika tano, hatujafungua gemu wala nini. Akaandika kwa mwandiko wake mbaya: RAM 81%, Disk 100%, CPU 35%.

Wamama, hujafungua kitu na RAM imejaa asilimia 81! Sasa hapo gemu litakaa wapi?

Nikaelewa mara moja, maana hiyo hali naijua. Ni wodi yangu saa ya kutazama wagonjwa. Kitanda kimoja, ndugu kumi. Kuna mama yake mgonjwa, huyo anahitajika, ndiye anayemlisha. Kuna wawili wameleta nguo. Hao saba waliobaki wamesimama tu, wanaongea, wanachezea simu, mmoja kakalia kitanda cha jirani. Mimi nikija na troli ya dawa sipiti. Wote hao si watu wabaya. Ila chumba kimejaa.

Kompyuta ndivyo ilivyo. Kila programu unayoiweka, nyingi zinajiandikisha zenyewe ziwe zinaamka pamoja na kompyuta, zikae chinichini zikisubiri kuitwa. Ya kupiga simu za video uliyotumia mara moja. Ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Ya muziki. Ya kukagua masasisho ya programu ambayo huitumii tena. Kivinjari nacho unakifunga, kumbe kimebakiza miguu ndani. Halafu kuna huduma za Windows zenyewe, hazina hata dirisha, huzioni, ila zipo. Kila moja imekalia kipande cha RAM, na diski ya zamani inakimbia huku na huko kuwahudumia wote.

Kazi yetu basi ilikuwa kuwatoa ndugu saba nje kwa heshima, bila kumtoa mama anayelisha. Na bila kumtoa mlinzi wa getini. Shikeni hilo la mlinzi, tutalirudia.

SEHEMU YA 4

Leo ni vitendo. Kaa na mwanao mfanye pamoja, usimwachie peke yake, na usifanye peke yako. Sababu mtaiona.

Kabla ya kugusa kitu, tengeneza sehemu ya kurudia. Kwenye sehemu ya kutafuta andika "restore point", Windows itakuonyesha pa kuitengeneza. Mkiharibu mipangilio, mnarudi hapo. Na daftari lenu liwe pembeni: kila mnachozima mnaandika jina lake na kilikuwaje kabla. Kitu kimoja, unawasha upya, unapima, ndo unaenda kingine. Mgonjwa huwezi kumbadilishia dawa tano siku moja halafu ukajua ipi imemsaidia.

Hatua ya kwanza, zinazoamka na kompyuta. Kwenye Task Manager kuna sehemu inaitwa Startup. Inakupa orodha, na pembeni inakwambia kila moja inachelewesha kiasi gani. Usiyoihitaji, bonyeza kulia kisha Disable. Hii haifuti programu. Ukiitaka utaifungua mwenyewe. Sisi tulikuta 11, tukazima 8. Hapa ndo tulipata nafuu kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, RAM ilishuka mpaka 60%.

Hatua ya pili, kivinjari. Kama ni Chrome, kwenye mipangilio yake sehemu ya mfumo kuna ruhusa ya kuendelea kufanya kazi chinichini hata ukiifunga. Izime. Na wakati wa gemu funga kivinjari chote, siyo kukishusha chini tu.

Hatua ya tatu, kurekodi. Windows ina uwezo wa kurekodi gemu chinichini ili ukifunga goli zuri ulihifadhi. Elia aliiwasha akitaka kuwaonyesha wenzake. Kompyuta yenye GB 4 inacheza mpira na kujipiga video kwa wakati mmoja, masikini. Iko kwenye Settings, sehemu ya Gaming. Tukaizima.

Hatua ya nne ndo huduma zenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc. Inakuja orodha ndefu ya kutisha. Usitishike, na usiigeuze shamba la kufyeka. Nyingi zimeandikwa Manual, maana yake zinaamka zikiitwa tu, ukizizima huna faida unayopata. Sisi tuligusa nne basi.

Fax. Nani ana faksi nyumbani? Tukazima, na tofauti haikuonekana, nakiri.

Print Spooler, inayosimamia printa. Hatuna printa. Kijana wa kompyuta akaniambia mwaka 2021 huduma hiyo iligundulika kuwa na tundu la usalama kubwa, na wasioitumia walishauriwa kuizima. Tukazima. Siku ya kuchapa unaiwasha tena, ndo maana ya daftari.

Windows Search, inayopekua diski na kutengeneza faharasa ili ukitafuta faili ulipate haraka. Kwenye diski ya zamani inaweza kuisumbua sana. Tukiizima kutafuta kunachukua muda zaidi, lakini mafaili yapo palepale.

SysMain, zamani ikiitwa Superfetch. Kazi yake ni kubashiri utafungua nini na kukiandaa mapema kwenye RAM. Nia njema, ila baadhi ya kompyuta za diski ya zamani inazifikisha 100%. Hiyo ni ya kujaribu. Ikiwa baada ya kuizima programu zinafunguka polepole kuliko mwanzo, irudishe. Kwetu ilisaidia, diski ikatulia ndani ya dakika mbili.

Sasa niwaambie kilichoniumiza.

Kwenye ile orodha ya Startup kulikuwa na jina moja silielewi, na CPU ilikuwa inapanda hata hatujagusa kitu. Nikamuuliza Elia hii nini. Akainama. Kumbe aliangalia video, kijana anasema pakua programu hii inaongeza kasi ya gemu mara mbili, bure. Na kwamba antivairasi ikilalamika usijali, iweke folda hii kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Akafanya hivyo. Mlinzi wa getini akaambiwa yule pale usimsachi, ni mgeni wetu.

Tukaiondoa kwenye Settings, sehemu ya Apps. Tukafuta ile ruhusa. Tukaagiza Windows Security ikague kompyuta nzima, ikachukua karibu saa tatu, ikakamata vitu viwili. Nikabadilisha nywila ya barua pepe yangu usiku uleule, kwa kutumia simu, siyo kwa kompyuta ile.

Niligomba. Nilisema maneno mengi. Halafu nikakumbuka ni nani alimwacha peke yake na tatizo lake mpaka akamtafuta mtu wa kwenye video amsaidie. Nikanyamaza.

SEHEMU YA 5

Leo fupi, ila ndiyo muhimu kuliko zote: visivyozimwa.

Usizime antivairasi na kinga ya mtandao. Hata kama video inasema inakula kasi. Inakula kidogo, kweli. Mlinzi naye analipwa mshahara.

Usizime masasisho ya Windows moja kwa moja. Yasitishe kwa muda mwanao akiwa anacheza, sawa, kisha uyaruhusu. Na kama yako bado ni Windows 10 kama yetu, jua kwamba Microsoft ilimaliza kuipa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ndo maana ya kwetu sasa ni ya gemu na masomo tu. Mambo ya benki na malipo siyafanyi humo.

Usizime huduma za sauti, za mtandao, wala yoyote usiyoijua kazi yake. Hapa nina ushahidi. Siku ya tatu nilikuwa zamu ya usiku, Elia akaona mambo yanaenda, akaongeza dozi mwenyewe. Akazima inayoitwa WLAN AutoConfig, kwa hoja yake kwamba gemu lake halihitaji intaneti. Asubuhi nafika, wifi hakuna kabisa, dada wa kazi ananiambia mtoto amelia.

Ila alikuwa ameandika. Kwenye daftari, mstari wa mwisho: "WLAN AutoConfig, ilikuwa Automatic, nimezima mimi." Nikaenda kwenye orodha, nikaitafuta, nikairudisha Automatic, nikabonyeza Start. Wifi ikarudi. Dakika moja. Bila ule mstari ningerudi kwa fundi wa 180,000.

Alipotoka shule nikamsifia kwa ule mstari. Kwenye kazi yangu, aliyekosea akaandika anaokoa mtu. Aliyekosea akaficha ndiye anayetuua.

Na jambo la mwisho la leo: kuzima huduma si muujiza. Atakayekwambia ukizima huduma 50 kompyuta ya zamani inakuwa mpya anakudanganya. Vitu vingine vitatu vilitusaidia kuliko services.msc yote. Moja, ndani ya gemu lenyewe tukashusha ubora wa picha na ukubwa wake. Mbili, chaji. Elia alikuwa anacheza kwa betri, na laptopu nyingi zikiwa kwenye betri zinajipunguza nguvu. Sasa anachomeka, na kwenye mipangilio ya umeme anachagua utendaji wa juu. Tatu, joto. Alikuwa anaiweka juu ya godoro, matundu ya hewa yameziba, na feni ndani imejaa vumbi la miaka. Kompyuta ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Fundi mwingine, mzee mmoja mtaratibu, aliisafisha kwa 10,000 huku tukimwangalia.

SEHEMU YA 6 (MWISHO)

Mmesubiri majibu ya vipimo. Haya.

Kabla: gemu la mpira lilikuwa linaenda picha 14 mpaka 17 kwa sekunde. Hizo ni picha ambazo kompyuta inazichora kila sekunde, zikiwa chache ndo wale wachezaji wa kwenye tope. Unaziona kwa kubonyeza Windows na G, sehemu ya Performance. Baada ya kuzima zisizohitajika: 22 mpaka 24. Baada ya kushusha ubora, kuchomeka chaji na kusafisha vumbi: inacheza kwenye 30, na haitetereki. RAM ikiwa imepumzika sasa 57%.

Gharama yote: flashi 15,000, usafi 10,000, ile 2,000 ya kijana. Neema ameanza chekechea na sare yake. RAM ya kuongeza tutanunua mwakani, Mungu akipenda, na fundi akifungua nitakuwa nimekaa hapohapo na flashi yangu mkononi.

Lakini kompyuta ikikimbia, tatizo linageuka. Zamani iligoma yenyewe, mtoto akachoka akaenda kulala. Sasa haigomi. Wiki ya kwanza nikamkuta saa 5 usiku bado yuko nusu fainali. Kwa hiyo na sisi tukaweka mipangilio.

Elia anaamka saa 11 alfajiri kwa ajili ya shule. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anashauriwa alale saa 8 mpaka 10. Piga hesabu mwenyewe: saa 3 usiku awe kitandani ndo zinapatikana hizo 8, tena za chini. Kwa hiyo saa 2 na nusu kompyuta inazimwa na chaji inakabidhiwa kwa dada. Siku za shule ni saa moja tu, baada ya kazi za shule. Jumamosi ni mbili.

Neema ana miaka minne. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema umri huo usizidi saa moja ya kioo kwa siku, pungufu ni bora, na mtoto alale saa 10 mpaka 13 ukijumlisha na usingizi wa mchana. Kwa hiyo kukaa mapajani kwa kaka yake akitazama gemu nako kunahesabiwa. Hilo nilikuwa silihesabu.

Na angalieni umri wa gemu lenyewe, linaandikwa kwenye kasha au kwenye ukurasa wa kulinunua. Hili la mpira kwa alama za Ulaya limeruhusiwa kuanzia miaka 3. Yale ya GTA wanayoyasimulia huko shuleni ni 18. Siyo suala la kompyuta kuweza au kutoweza.

Sasa lile la pili alilolisema usiku ule, "nyumbani kunakuwa kimya", mlidhani nimelisahau. Hilo sikupata pa kulizimia. Zamu sizipangi mimi, na baba yao barabara ndiyo kazi yake. Nilichoweza ni hiki: nilikuwa na makundi ya WhatsApp 23 kwenye simu, kikoba, wazazi wa darasa, wahitimu wa chuo, ukoo pande zote mbili, harusi za watu ambao walishaoana mpaka wana watoto. Nikitoka zamu nilikuwa nalala na simu inatetema mkononi, nikiamka naanza kujibu. Elia akiniongelesha nasema "mmh". Nilitoka kwenye 9, nikanyamazisha 10, nikabakiza manne. Hakuna aliyepiga simu kuuliza niko wapi.

Jumapili iliyopita nilikuwa mapumziko. Baada ya ibada na pilau, Elia akachomeka kompyuta mezani, akanipa pedi ya pili, ya kuazima. Akaniambia wewe chukua Simba, mimi Yanga, maana alishazipachika timu zetu humo sijui kwa njia gani. Nikafungwa 6 bila. La sita nilijifunga mwenyewe. Neema anashangilia tu bila kujua nani kashinda.

Mapumziko nikamuuliza, mbona kule kibandani huendi tena? Akasema, bila kutoa macho kwenye kioo, "Kule wananifunga, Mama. Hapa nakufunga wewe."

Leo naingia usiku. Kompyuta iko mezani, chaji kwa dada, daftari pembeni. Kama una kompyuta inayokwama na mtoto anayeilalamikia, usianze na hela. Anza na flashi, kisha daftari, kisha kaa naye. Na mtumie mama mwenzio anayejiandaa kwenda kwa fundi kesho, kabla hajafika.

Mbaki salama. Wiki ijayo tunarudi kwenye homa.